The Long Dark, Project Zomboid, 7 Days to Die au DayZ: ipi uichukue ukitaka kuishi baada ya dunia kuharibika?

Gemu za aina hii zinaahidi kitu kimoja: dunia imekwisha, wewe umebaki, tafuta cha kula kabla jua halijazama. Ukisoma maelezo yake dukani utadhani ni mapacha. Ndiyo maana wengi hununua moja kwa kutazama picha, wakaicheza saa tatu, wakaiacha na kusema gemu za kuishi haziwafai. Mara nyingi tatizo ni kwamba walichukua isiyo yao.

Nimezicheza hizi nne kwa miaka, na kila moja imewahi kunikesha. Anayeniomba ushauri simuulizi kwanza kama anapenda mazombi. Namuuliza hivi: ukipoteza kazi ya wiki mbili kwa kosa la sekunde tano, utajisikiaje? Katika gemu hizi utakufa, tena mara nyingi, na tofauti kubwa kati yake ni kile ambacho kifo kinaondoka nacho. Jibu lako hapo linakusogeza karibu na gemu yako kuliko video yoyote ya kuitangaza.

Vigezo

Nimezipima kwa mambo sita: kifo kinakugharimu nini, mwili wa mhusika unateseka vipi, yaani njaa, baridi, jeraha na ugonjwa, unacheza peke yako au na watu, inadai muda na uvumilivu kiasi gani hadi uizoee, inaanza kuchosha wapi, na inahitaji mashine gani. Uzuri wa picha nimeuacha nje kwa makusudi. Picha hukuvutia saa ya kwanza tu, na mojawapo ya gemu zinazotisha zaidi hapa inaonekana kama kitu cha miaka mingi iliyopita.

Nne zenyewe

The Long Dark ni kazi ya studio ya Hinterland ya Kanada. Ilianza kuuzwa mwaka 2014 ikiwa bado inajengwa, na ikatoka rasmi Agosti 2017. Dhoruba ya sumaku imeua umeme wote, na wewe umeachwa kwenye Great Bear Island, kisiwa cha kubuni kaskazini mwa Kanada. Hakuna zombi hata mmoja. Adui zako ni baridi, njaa, dubu na mbwamwitu.

Project Zomboid ya The Indie Stone unaitazama kutoka juu kwa pembe, kama mtu aliyekaa juu ya paa la jirani. Ni Julai 1993 katika jimbo la Kentucky, Marekani, na miji kama Muldraugh, West Point na Rosewood imejaa wafu wanaotembea. Inapofunguka tu inakuambia kwamba hiki ndicho kisa cha jinsi ulivyokufa, na haitanii.

7 Days to Die imetengenezwa na The Fun Pimps wa Texas. Dunia yake yote ni vipande: ukuta wowote unavunjika, ardhi yoyote inachimbika, na unaweza kujenga karibu chochote unachokifikiria. Kila siku ya saba mwezi unageuka mwekundu, na kundi la mazombi linakuja moja kwa moja hadi ulipo.

DayZ ilianza mwaka 2012 kama nyongeza ambayo Dean Hall aliibuni kwa ajili ya gemu ya kijeshi iitwayo Arma 2. Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki ikaifanya gemu inayojitegemea, na toleo kamili likatoka Desemba 2018. Ramani yake ya Chernarus, nchi ya kubuni, ina kilomita za mraba 225. Mazombi wamo, lakini anayekukosesha raha ni binadamu mwenzako, mtu halisi aliyeketi mbele ya skrini yake mahali fulani.

Kifo kinaondoka na nini

Katika The Long Dark, ukicheza kiwango kikali cha Interloper, kufa ni kufa. Faili linafutwa na hakuna pa kurudi. Nakumbuka safari moja iliyofika siku ya sitini na kitu. Nilikuwa nimejifulia kisu na shoka mwenyewe, nina nyama ya kutosha, na nikaamua kutoka Camp Office iliyo kando ya ziwa kwenda Trapper's Homestead, njia niliyokwisha kuipita mara nyingi. Anga lilikuwa safi. Katikati ya njia upepo ukabadilika, theluji ikafunga kila kitu, nikawa sioni hata mkono wangu. Nikajibanza nyuma ya mwamba nikiwa na njiti mbili za kiberiti. Ya kwanza haikushika. Ya pili ilishika, moto ukawaka, nikaanza kuhema, kisha upepo ukageuka upande wangu na kuuzima. Nilikaa nikiitazama skrini kwa muda mrefu. Hasira sikuwa nayo. Nilijua kosa liko wapi: ningebeba tochi ya kijiti, ningesubiri asubuhi. Gemu hii inakuua kwa haki, na hilo ndilo linalonirudisha kila mara.

Lakini si lazima uanzie huko. Katika kiwango cha Pilgrim wanyama wakali hukukimbia, Voyageur ni wa kati, Stalker anabana zaidi. Hali ya hadithi, Wintermute, inayomfuata rubani Will Mackenzie na daktari Astrid Greenwood, hukuruhusu kurudi nyuma kidogo ukifa.

Project Zomboid ina kifo cha aina nyingine, kifo kinachokuja polepole na unakijua. Kwa kanuni zake za kawaida, ukikwaruzwa na zombi una asilimia 7 ya kuambukizwa, ukichanwa asilimia 25, na ukiumwa ni asilimia 100. Hakuna dawa. Ukishaumwa unabaki na siku chache za kuamua utafanya nini: utajifungia ndani usije ukadhuru wenzako, au utabeba mabomu ya petroli uliyoyahifadhi na kuingia katikati ya mji. Mhusika akifa, dunia inabaki. Unaweza kuanza mwingine katika dunia ileile, ukaenda hadi nyumba uliyoifia, ukamkuta yule wa zamani akizurura chumbani na begi lako mgongoni. Sijaona gemu nyingine inayofanya kupoteza kuwe sehemu ya hadithi kiasi hicho.

7 Days to Die ndiyo yenye kifo cha bei nafuu. Unazinduka kitandani kwako, unalipia kidogo katika pointi zako za uzoefu, na kulingana na mipangilio unarudi kuufuata mzigo ulioangusha. Kinachouma ni ngome. Ukiona nguzo uliyoipandisha kwa siku sita ikitafunwa usiku mmoja, sakafu ikakosa pa kushikilia na ghorofa nzima ikaporomoka ukiwa juu yake, utaelewa kwa nini watu huchora ramani za ngome kwenye daftari. Kila kipande hapa kina uzito, na kilichojengwa hewani bila nguzo kitaanguka.

DayZ inachukua vyote. Nguo, bunduki, chakula, dawa, saa kumi za kutafuta. Unaamka ufukweni na nguo ulizovaa na vitu viwili vitatu mfukoni. Tena mara nyingi hujui nani amekuua. Unatembea, unasikia mlio mmoja, skrini inakuwa nyeusi. Ukiwa mtu wa kutaka kila kosa lifafanuliwe, hili litakukera sana. Kinachobaki kwako ni ujuzi tu: visima viko wapi, mji gani una hospitali, barabara ipi haipitwi mchana.

Mwili unavyoteseka

Hapa The Long Dark haina mpinzani kwa ustadi, ingawa ina mambo machache. Inakupa mahitaji manne: joto, usingizi, maji na chakula, na chakula kinahesabiwa kwa kalori. Yote mengine yanatoka humo. Nguo zikilowa zinaganda na kupoteza joto. Upepo unahesabika mbali na baridi yenyewe. Ukila nyama ya mbwamwitu au dubu kabla hujabobea katika upishi, unaweza kupata minyoo itakayokusumbua kwa siku nyingi. Ukijificha ndani kila siku kwa kuogopa baridi, mhusika anaanza kuugua kwa kufungiwa na anakataa kulala chini ya paa. Kila uamuzi unakuwa hesabu: kuni hizi nizichome sasa niyeyushe theluji ninywe, au nizibebe, nikubali kiu, nipate moto usiku?

Project Zomboid ina mambo mengi kupita zote. Mhusika anachoka, anaingiwa na huzuni, anaboreka, anashikwa na hofu hadi mkono wake unakosa shabaha. Kabla ya kuanza unachagua kazi yake ya zamani na tabia zake: ukitaka awe mwenye nguvu, itabidi ulipe kwa kumfanya asiyesikia vizuri, au mvutaji sigara, au mwoga wa damu. Kuna jambo moja dogo ambalo kwangu linaieleza gemu hii nzima. Ukivunja dirisha na kurukia ndani bila kutoa kwanza vioo vilivyobaki kwenye fremu, utajikata. Damu itatoka, utatafuta kitambaa, utachana shati lako, na wakati unafunga jeraha aliyesikia dirisha likivunjika atakuwa amefika mlangoni. Mlolongo wote huo umeanza na kipande cha kioo.

Siku za mwanzo televisheni bado inafanya kazi, na vipindi vyake vinamfundisha mhusika useremala na upishi, kwa hiyo wiki ya kwanza unajikuta umefunga mapazia, sauti iko chini, unatazama fundi akikata mbao huku nje wanapita. Baadaye umeme na maji hukatika, na siku huijui. Kwa kanuni za kawaida ni wakati wowote ndani ya mwezi wa kwanza. Anayejua hujaza kila sufuria na kila chupa mapema.

DayZ inaukaribia mwili kwa ukatili wa kitabibu. Maji ya bwawa yana kipindupindu, ya pampu za mjini ni salama. Ukila kwa mikono yenye damu utaugua. Kopo lisipofunguliwa kwa kifaa chake, sehemu ya chakula humwagika. Kuongezewa damu kunahitaji ujue kundi la damu la mtu, na ukimwekea isiyolingana naye unaweza kumuua. Ni mambo yanayovutia mno yakitokea mkiwa wawili, mmoja amelala chini na mwingine anapekua begi kwa haraka.

7 Days to Die hapa ni nyepesi. Njaa na kiu zinakubana siku za mwanzo. Ukishapata shamba, maji na moto wa kupikia, chakula kinakuwa jambo la kukumbuka tu. Aliyevutiwa na gemu hizi kwa sababu ya kuhangaikia mlo hatashiba hapa.

Peke yako au na watu

The Long Dark ni ya mtu mmoja, basi. Hakuna wa kukuita jina. Ukimya wake, theluji ikikwaruza chini ya viatu na kunguru wakizunguka juu ya mzoga, ni nusu ya thamani yake. Ukiicheza na muziki wako mwenyewe masikioni, unaikosa.

7 Days to Die ni kinyume chake kabisa. Peke yako inawezekana, lakini inang'aa mkiwa wawili hadi wanne. Mmoja anachimba chuma, mwingine anapika, wa tatu anazunguka na pikipiki kutafuta risasi, na ikikaribia saa 22:00 za usiku wa saba mnakusanyika kwenye ngome kila mtu na upande wake. Kuanzia hapo hadi saa 04:00 za gemu hakuna kupumzika. Nimeona watu wasiopenda gemu hata kidogo wakinogewa na usiku huo, kwa sababu kila mtu ana kazi inayoonekana na ukuta aliouinua kwa mikono yake unapigwa mbele ya macho yake.

Project Zomboid inakubali hali zote mbili. Kucheza mtandaoni kulikamilika vizuri katika toleo la Build 41 la Desemba 2021, na kwenye kompyuta moja mnaweza hata kugawana skrini kwa padi. Ukiwa na mwenzako hofu inapungua, lakini uchungu unaongezeka: mwenzako akiumwa, mtakaa chumba kimoja mkijua.

DayZ bila watu si DayZ. Seva zake rasmi hubeba hadi watu 60, na sauti yako inasikika kwa aliye karibu nawe tu. Jioni moja nilikuwa nakunywa maji kwenye pampu ya mji wa Berezino, nikageuka nikamwona mtu amesimama hatua kumi nyuma yangu na shoka mkononi. Mimi nilikuwa na kisu cha jikoni. Hakuna aliyesema neno. Kisha akainamisha shoka, akatupa kopo la maharage chini katikati yetu, akarudi nyuma ili nilichukue. Tulitembea pamoja hadi giza likaingia, tukawasha moto, akaniambia amekuwa akicheza peke yake kwa wiki nzima na amechoka kuwakimbia watu. Sikumwona tena. Nimewahi pia kufungwa pingu na wageni na kuporwa hadi viatu. Yote mawili yanatoka kwenye mlango mmoja, na ukitaka lile la kwanza huna budi kulikubali la pili.

Nyongeza kwa mzazi anayemnunulia kijana: DayZ inamweka mtoto katika mazungumzo ya sauti na watu wazima asiowajua, nao husema wanachotaka. Hizi tatu nyingine unaweza kuziwekea mipaka: The Long Dark haina mazungumzo na mtu yeyote, na mbili zilizobaki anaweza kuzicheza peke yake au na marafiki unaowafahamu. Zenye mazombi, hata hivyo, zina damu nyingi.

Muda na kuizoea

Mwenye saa moja tu jioni aangalie mambo mawili: je, gemu inaweza kusimamishwa, na inahifadhi lini?

The Long Dark inahifadhi unapoingia ndani ya jengo au unapolala, kwa hiyo kipande cha nusu saa kinatosha: toka, tafuta kuni, rudi, lala, zima. Project Zomboid ukiwa peke yako inasimama unapotaka na inahifadhi unapotoka. Katika 7 Days to Die siku moja ya kawaida ni dakika 60 halisi, maana yake usiku wa kwanza wa mwezi mwekundu uko karibu saa saba za kucheza kutoka mwanzo. Ni mwendo mzuri kwa kikundi kinachokutana mwishoni mwa wiki. DayZ haisimami kamwe. Mtu akigonga mlango wako wa kweli, mhusika wako anabaki amesimama barabarani.

Kwa upande wa kujifunza, 7 Days to Die inakushika mkono: inakupa kazi ndogo za kuanzia, kisha inakupeleka kwa mfanyabiashara ambaye atakupa nyingine. The Long Dark inafundisha kupitia hadithi yake. Project Zomboid ina menyu ndani ya menyu, na saa tano za kwanza utakuwa unabofya kulia juu ya kila kitu kuona kinafanya nini. Zivumilie. Ujuzi wa msingi ukishaingia, kila kitu kina mantiki ya nyumba halisi: shuka linaziba dirisha, king'ora kinaita mtaa mzima, gari linalowashwa linasikika mbali.

DayZ haikuambii lolote. Ramani ukiipata haionyeshi ulipo. Vibao vya miji vimeandikwa kwa herufi za Kisirili, zile za Kirusi, na baada ya wiki mbili utashangaa unazisoma, kwa sababu maisha yako yametegemea kujua kama mji ulio mbele ni Elektrozavodsk au Chernogorsk.

Inachosha wapi

Kila moja ina ukuta wake, na ni haki mnunuzi aujue kabla hajalipa.

The Long Dark inapungua nguvu ukishashinda. Ukiwa na nyama ya wiki tatu kwenye theluji nje ya mlango na kuni zimepangwa, siku zinaanza kufanana, na dhoruba ya siku mbili maana yake ni kukaa ndani ukishona soksi. Hadithi yake pia ilitolewa kwa vipande vilivyopishana kwa miaka, na inakwenda taratibu. Anayetaka matukio mfululizo atapiga miayo.

Project Zomboid ina tatizo la mwisho usiokuwapo. Ukiweza kuishi mwaka mmoja, ukasafisha mtaa, ukachimba bustani, gemu haina la kukuuliza zaidi. Wengi huanza upya wakifika hapo, wengine huongeza nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, na hizo ni nyingi ajabu: magari, ramani, silaha, kanuni mpya. Matoleo yake pia huja polepole. Build 42 ilifunguliwa kwa majaribio Desemba 2024, miaka mitatu baada ya Build 41 kukamilika.

7 Days to Die ilikaa sokoni bila kukamilika tangu Desemba 2013 hadi Julai 2024, na inaonekana. Mfumo wa kujifunza ujuzi umebadilishwa mara kadhaa njiani, miondoko ya wahusika ni mizito, na kazi za wafanyabiashara zinajirudia: nenda nyumba hii, safisha, rudi, nenda ile. Baada ya siku ya thelathini hivi, kinachokuvuta ni ujenzi. Kama kujenga hakukusisimui, utaiacha.

DayZ inachosha kwa miguu. Unaweza kutembea saa nzima kwa ajili ya sekunde kumi za kufa au kupona. Wapo wanaouita muda huo kupoteza. Mimi naupenda, maana bila saa ile sekunde zile zisingekuwa na uzito wowote. Lakini sitamlazimisha mtu aone hivyo. Na wadanganyifu wapo, kama ilivyo katika gemu nyingi za risasi mtandaoni.

Mashine

Kwa kifupi: Project Zomboid iko kwenye kompyuta tu, iwe ya Windows, Mac au Linux, na laptopu ya kawaida huiweza hadi ukutane na umati mkubwa. The Long Dark ipo pia kwenye PlayStation, Xbox na Switch, na haina haja ya intaneti ukishaiweka. DayZ inataka intaneti iliyotulia muda wote. Mtandao ukikatika katikati ya mapigano, wewe ndiye utakayelipa.

7 Days to Die huelemea mashine hasa usiku wa kundi, wakati mazombi, milipuko na kuta zinazoporomoka vinahesabiwa kwa pamoja. Kuhusu matoleo yake fungua macho: lile la PlayStation 4 na Xbox One la mwaka 2016 liliachwa nyuma, na toleo jipya la 2024 ni la PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta. Ukiona la bei ya chini mno, soma kwanza ni la mashine gani.

Chagua kwa hali yako

Una saa moja jioni, unataka utulivu wenye hatari ndani yake, na mazombi yamekuchosha: The Long Dark. Anza na Voyageur, au Pilgrim kama unataka kutembea na kutazama mandhari. Usianze na Interloper kwa kuwa umesikia wengine wakijisifia. Mara ya kwanza utakufa kabla hujaelewa umeuawa na nini.

Unapenda kupanga, kuhesabu makopo, kusoma vitabu vya ujuzi ndani ya gemu, na kutunga kichwani hadithi ya mhusika wako: Project Zomboid. Tumia hali ya Sandbox, ambamo unapanga kanuni mwenyewe, punguza idadi ya mazombi kwa mara mbili tatu za kwanza, kisha ipandishe. Ikiwa jambo la kuumwa mara moja na kufa linakuvunja moyo, humohumo kwenye mipangilio unaweza kuzima maambukizi. Ni gemu yako, na hakuna aliyekuwekea sheria.

Mna kikundi cha marafiki, baadhi yao si wachezaji, na mnataka kitu cha kukutana nacho kila wiki: 7 Days to Die. Mwenye kompyuta yenye nguvu zaidi ndiye aifungue dunia. Kubalianeni mapema kama mtaendelea kucheza mmoja akikosekana, kwa sababu hakuna kinachoua hamu kama kurudi ukakuta wenzako wameshamaliza ngome.

Unataka moyo uende mbio, hujali kupoteza vitu, na binadamu wanakusisimua kuliko mazombi: DayZ. Tafuta seva yenye watu wachache kwa wiki ya kwanza ujifunze visima na barabara, kisha hamia kwenye zilizojaa. Ukipata rafiki mmoja wa kuanza naye, hata kama mtatua fukwe tofauti na kutumia saa mbili kutafutana kwa kusoma vibao, chukua nafasi hiyo.

Huna uhakika bado, na ungependa kujipima kabla ya kutoa pesa: tazama mtu akicheza kila moja kwa dakika ishirini bila kuruka mbele, hasa sehemu ambazo hakuna kinachotokea. Ukiona mtu anatembea peke yake kwenye theluji na ukajikuta unamwangalia nguo zake kama zimelowa, umeshapata jibu. Ukijikuta unataka kumwambia afunge mapazia, au unahesabu nguzo za ngome yake, au unachungulia vichaka nyuma ya mgongo wake, umelipata vilevile, ila ni la gemu nyingine.